Mto Una Wenyewe

Kuna ukuta mmoja Pangani umeninyima raha wiki nzima. Umepakwa chokaa nyeupe, umeteremka kutoka barabarani hadi kwenye maji, na ncha yake imezama katika matope ya mikoko. Aliyeujenga simjui. Ninachojua ni kwamba wavuvi waliokuwa wakipita pale sasa wanazunguka mbali, nyavu begani, kuifuata mitumbwi yao.

Niliuona nilipokwenda kuwaona marafiki wa siku nyingi, mume na mke, walimu wastaafu waliohama Dar es Salaam wakajenga kando ya Mto Pangani, juu kidogo ya mji. Nyumba yao ni ndogo, lakini baraza ni pana na upepo haukatiki. Kila mgeni hushangazwa na jambo moja: nyumba imekaa mbali na mto. Ukiketi barazani unaona minazi, kisha mikoko, na maji unayapata vipande vipande katikati ya majani.

"Mama, mmenunua kiwanja cha mtoni mkajenga barabarani?" aliuliza kijana niliyefuatana naye.

Mama mwenyeji alicheka. "Mwanangu, mto una wenyewe."

Wenyewe niliwasikia alfajiri. Kati ya nyumba na mto imeachwa njia, haina geti wala kibao. Walipita wavuvi na makasia yao. "Shikamoo, mwalimu!" "Marahaba. Leo bamvua au maji mafu?" Nyuma yao wakaja wanawake na mabeseni, wanawahi samaki kabla wachuuzi wa mjini hawajafika. Kamba wa nazi tuliokula mchana walipita kwenye njia hiyo hiyo, ndani ya beseni la mama mmoja aliyesimama barazani kuulizia hali ya mguu wa mwenyeji wangu.

Sasa najua mwenye ukuta ana jibu: fedha ni zake na hati anayo. Hati ni haki ya kuitumia ardhi, bwana. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukuta wa matofali ni wa kudumu kama kuna kitu cha kudumu duniani.

Atasema tena: mbona wanakijiji wenyewe wanakata mikoko? Wapo, na wanaokata wachukuliwe hatua. Lakini kosa la mkata kuni halimpi mwingine ruhusa ya kufunga njia ya watu. Na wezi je? Hofu hiyo ninaielewa, maana wenyeji wangu wamezeeka na wanaishi wawili tu. Ila mwizi alipoingia bandani kwao usiku, waliopiga yowe ni wavuvi waliokuwa wakitoka majini. Kama njia ingekuwa imefungwa, nani angepita saa zile?

Linaloniuma zaidi ni kwamba mto huu haukuanzia kwenye kiwanja cha mtu. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru. Mito ya Kikuletwa na Ruvu inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto unashuka kupitia Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, ndipo unafika Pangani. Njiani kote watu wanachota na kumwagilia. Wa juu wakizidisha, wa chini wanaletewa bahari: maji ya chumvi yanapanda mtoni, na mwenye minazi na migomba anaona mashamba yake yakiharibika. Kwa hiyo kila anayeishi Pangani anaishi kwa kile alichobakishiwa na jirani asiyemjua. Mtu wa namna hiyo anapataje ujasiri wa kutombakishia mwenzake hata upana wa njia?

Nalisema hili sasa kwa sababu barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga inabadilisha kila kitu huko. Daraja la mita 525 kati ya Pangani na Bweni linachukua nafasi ya kivuko, na wanaotafuta viwanja vya mtoni wamekwishaanza kuulizia bei. Wenye fedha watafika Pangani kwa gari bila kusubiri foleni ya pantoni. Waje, mji unawahitaji. Ila halmashauri iwatume wapima ardhi wake wakatembee na wavuvi alfajiri, wazichore njia zote kwenye ramani kabla hati nyingine haijatolewa, na ule ukuta mweupe uvunjwe kwa gharama ya aliyeujenga.