Ukimya wa Gobore

Gobore hupakiwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha risasi, vikashindiliwa kwa fimbo hadi mwisho wa mtutu. Ukifyatua, fataki ikalia lakini baruti isishike, unabaki na chuma kilichonyamaza. Mwenye busara hachungulii ndani. Anauelekeza mtutu pasipo na mtu na kusubiri, maana moto unaweza kuchelewa. Kisha anailowesha baruti kwa maji, ndipo anaivuta risasi kwa skrubu iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo. Akishindilia risasi nyingine juu ya ile iliyokwama, mtutu unaweza kumpasukia mkononi.

Je, mtu aliyekosewa akanyamaza, amesamehe?

Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1930, aliandika kwamba kwa Wanyakyusa hasira iliyofichwa moyoni ilihesabiwa kuwa hatari kwa ukoo. Wakati wa matambiko, ndugu walitakiwa kuisema wazi. Kupuliza maji kutoka kinywani kulikuwa ishara kwamba imetoka.

Sisi wa Tukuyu ya leo tunasifu sana uvumilivu. “Yaishe,” tunasema, kisha tunashindilia kosa jipya juu ya la zamani. Ni kweli, kusema nako kuna hatari: neno likitoka baruti ingali kavu, linajeruhi. Ndiyo maana subira hutangulia, maji yakafuata. Lakini anayeishia hapo hajasamehe. Ameilowesha baruti tu, na baruti hukauka. Risasi bado imo ndani.