HUZUNI YA MZEE SI UZEE

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha aabudiwe Yeye peke yake, kisha papo hapo akaamrisha wazazi wafanyiwe wema. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mzee akiwa katika nyumba ya kutunzia wazee, ana kitanda, chakula, dawa na mtu wa kumwogesha. Kisha akawa hasemi, hali ila kwa kubembelezwa, na usiku halali kwa khofu asiyoijua asili yake. Je, mwanawe amekwisha kumtimizia haki yake? Wengi hujibu: "Uzee tu huo." Na katika jibu hilo mna makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuchanganya maradhi na uzee. Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, akaeleza kuwa kila ugonjwa una dawa yake illa mmoja, nao ni uzee. Basi kilichovuliwa ni uzee; huzuni haikuvuliwa. Naye Mtume alikuwa akijilinda kwa Mungu na hamm na hazan. Wanavyuoni wamepambanua kuwa hamm ni dhiki ya moyo kwa jambo linalongojewa, na hazan ni kwa jambo lililokwisha kupita. Matabibu wa zama hizi nao huzitenga khofu na huzuni, wakazitibu kwa mazungumzo na kwa dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 matabibu wa Marekani walitunga maswali 30 ya kuwapimia wazee huzuni, nao wakaacha kwa makusudi kuuliza khabari za usingizi na maumivu ya mwili, kwa kuwa hayo humpata mzee hata aliye na furaha.

Wala asidhani mtu kuwa huzuni ni upungufu wa imani. Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na wanawe wakamlaumu kwa kutoacha kumkumbuka. Qurani haikumlaumu mzee yule. Naye alimshitakia Mola wake peke yake, kwani wale waliomzunguka hawakumsikiliza.

Kosa la pili ni kudhani kuwa haki ya mzee ni mwili wake tu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mtoto mwenye uwezo humlazimu nafaka ya mzazi wake asiyejiweza, kwa kadiri ya kumtosha. Lakini nafaka ni mlango mmoja, na wema ni mlango mwingine. Mwenye kulipa ada ya mwezi amelipa nafaka. Wema bado anadaiwa.

Na huo wema ni nini? Mwaka 1976 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Ellen Langer na Judith Rodin, walitoa khabari za nyumba moja ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kuwa mambo yao ni yao: wachague jinsi ya kupanga vyumba vyao, na kila mmoja akapewa mmea autunze mwenyewe. Wa ghorofa ya pili waliambiwa kuwa watumishi watawatazamia kila kitu, na mimea yao ikatiliwa maji na wauguzi. Baada ya wiki tatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi. Baada ya miezi 18 walikuwa wamekufa 15 katika mia wa kundi la kwanza, na 30 katika mia wa kundi la pili. Watu wenyewe walikuwa wachache, na ajali i mkononi mwa Mungu. Walakini mazingatio yamo: mwili ulilishwa kote kuwili, ila kumoja mzee alishauriwa.

Katika mwaka uo huo mtaalamu Richard Schulz alionyesha kuwa wazee waliojua siku ya kuzuriwa, au waliochagua wenyewe, walipata nafuu kuliko waliozuriwa kwa nasibu. Ziara zilipokoma, hali zao zikashuka. Basi anayeahidi kuja Ijumaa asije, huenda akaumiza kuliko asiyeahidi.

Huenda mtu wa pwani akasema: "Hayo ni ya Wazungu." Unguja zipo nyumba za wazee, Sebleni na Welezo. Na wako wazee wangapi walio majumbani mwao, wamewekwa chumba cha uani, shamba linauzwa wasiulizwe, mjukuu anaozwa wakapewa khabari kama majirani? Hao nao wamo katika nyumba ya kutunzia wazee, ila haina kibao mlangoni. Mwenyezi Mungu ameharamisha kumwambia mzazi "uff". Na mwenye kuambiwa uff angalau amesemeshwa.

Basi mwenye mzee, akae naye nyumbani au amweke kwingine kwa dharura, yamlazimu matatu: amshauri katika mambo yake hata yaliyo madogo, amwekee siku ya kumzuru wala asiivunje, na huzuni ikidumu wiki mbili, ampeleke kwa tabibu kama ampelekavyo kwa homa. Asiyeyafanya haya asijipumbaze kwa risiti ya malipo, kwani naye yuko njiani kuuendea uzee.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi walio hai na waliotangulia. Wallahu aalam.