Kati ya Picha na Picha

Agosti 2019, mamlaka inayosimamia viwango vya matangazo ya biashara nchini Uingereza ilipiga marufuku tangazo la gari la umeme la Volkswagen. Kanuni mpya, inayokataza taswira mgando za kijinsia zenye madhara, ilikuwa imeanza kutumika Juni mwaka huohuo. Katika tangazo hilo mwanamume na mwanamke wamo hemani ubavuni mwa jabali, mwanamke kalala. Wanaanga wawili wanaume wanaelea chomboni. Mwanariadha mwenye mguu bandia anaruka. Kisha mwanamke ameketi benchini, kigari cha mtoto kando yake, gari likipita bila kelele. Kampuni ilijitetea kwamba kulea mtoto mchanga nako ni kukabiliana na badiliko kubwa la maisha.

Utetezi huo una uzito. Wanawake hulea kweli, na hulala wakichoka. Ukiitazama kila picha peke yake, huoni kosa. Kosa limo kati ya picha na picha: ujasiri umewekwa upande huu, utulivu upande ule, na kilichogawa ni jinsia. Tangazo halikutamka kwamba mwanamke hawezi kwenda angani. Lingetamka, lingejibiwa siku hiyohiyo. Lisilotamkwa halina pa kukanushiwa.

Wapo wanaosema matangazo huonyesha tu jamii ilivyo. Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake Gender Advertisements cha 1979, alikubali sehemu ya hoja hiyo: watangazaji hawabuni ishara, huziazima kutoka maisha ya kila siku. Ila wakishaziazima huzichuja na kuzikoleza.

Kwangu, kilichochujwa ndicho kiini. Mtazame mama wa matangazo ya sabuni ya unga tuliyokua nayo Afrika Mashariki. Anafua, kama mamilioni ya akina mama. Lakini hachoki. Maji hayajakatika, mgongo haumuumi, na hakuna aliyeuliza kwa nini anafua yeye na si baba watoto. Sauti nzito ya kiume inamfundisha siri ya povu, yeye aliyefua tangu utotoni! Shati likitakata, anatabasamu kana kwamba amelipwa. Kazi ngumu isiyo na ujira imegeuzwa kuwa tabia yake ya asili, na tabia ya mtu hailipwi wala haigawanywi na mwingine. Dhuluma iko hapo, si katika kumwonyesha na beseni.

Ndiyo maana kumvika mwanamke koti la daktari, huku mwanamume akiachwa alivyo, hakutoshi. Siku moja na lile la gari, mamlaka ilizuia pia tangazo la jibini ya Philadelphia. Akina baba wawili mgahawani wanazubaishwa na chakula hadi watoto wao wachanga wanachukuliwa na mkanda unaozungusha sahani. Walioliona kuwa mzaha tu walikuwa wengi. Lakini sikiliza linavyoisha: baba mmoja anamwambia mwanawe wasimwambie mama. Mama tunamwona mwanzoni tu, akimkabidhi baba mtoto. Hata hivyo mtoto ni jukumu lake, na baba, aliye naye mkononi, ni msaidizi tu anayeogopa kukaripiwa.