Deni la Jina

Yako madeni ambayo hayaandikwi katika daftari la muuza duka. Mtu akikopa kibaba cha unga kwa jirani, atarudisha unga au atatoa shilingi, na mambo yamekwisha. Lakini mtu akiuchukua wimbo wa mwenzake, akauimba vizuri, akaufikisha nchi za mbali na ukampatia sifa, je, anadaiwa nini? Swali hili lilinikalia moyoni tangu siku niliyotazama filamu moja pamoja na mjukuu wangu.

Kijana huyo anapenda muziki uitwao tekno. Ni muziki wa mitambo: ngoma hupigwa kwa umeme, mfululizo, kama mashine ya kukoboa isiyojua kuchoka. Siku moja nilimwuliza ulikotoka. Akajibu bila kusita, "Ni wa Wajerumani, babu. Wa Berlin." Nikakubali, maana mimi ni mtu wa kwaya na ngonjera. Baada ya wiki mbili alirudi ana haya kidogo. "Babu, nilikudanganya bila kujua. Njoo utazame."

Filamu yenyewe si ya kuigiza. Ni ya mambo ya kweli, wenyewe wakieleza yaliyowapata. Imeongozwa na Kristian Hill wa Marekani, nayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022 katika tamasha la Tribeca, New York, kwa jina la God Said Give 'Em Drum Machines. Haikutoka kwenye kampuni kubwa ya sinema. Ni kazi ya watu wachache waliokusanya maneno na picha kwa miaka mingi, kwa kuona kwamba wasipofanya wao, wahusika watazeeka na habari itapotea nao.

Na habari yenyewe ni hii. Katika jimbo la Michigan uko mji wa Detroit, mji wa viwanda vya magari. Watu Weusi wengi walihamia huko kutoka majimbo ya kusini kutafuta kazi katika viwanda hivyo. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu karibu milioni 1.85, ilipofika mwaka 2020 hawakutimia 640,000. Viwanda vilifungwa, nyumba zikabaki magofu. Katika mji huo uliokuwa ukififia, vijana Weusi waliutengeneza muziki wa siku zijazo. Watatu kati yao, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walisoma pamoja Belleville, mji mdogo nje ya Detroit. Mwaka 1981 Atkins na mwenzake Richard Davis, kwa jina la Cybotron, walitoa santuri yao ya kwanza. Mwaka 1988 ikatolewa Uingereza santuri ya mkusanyiko wa nyimbo za vijana wa mji huo, na juu yake paliandikwa wazi kwamba tekno ni sauti mpya ya dansi ya Detroit.

Tafadhali, ndugu msomaji, likumbuke hilo. Jina la mji liliandikwa juu ya jalada tangu siku muziki ulipobishia hodi Ulaya. Hata hivyo baada ya miaka thelathini na kitu, kijana mwenye akili timamu ananiambia ni muziki wa Wajerumani. Kumbe jina halihitaji kufutwa na mtu. Linafutika lenyewe pale kila mmoja anapodhani mwenzake atalitaja.

Ni lazima niwe mwenye haki. Vijana wa Detroit nao waliazima. Usiku walimsikiliza mtangazaji wa redio aliyejulikana kama The Electrifying Mojo, naye aliwapigia muziki wa Kraftwerk, kundi la Wajerumani. Atkins hakulificha jambo hilo. Tena ukuta wa Berlin ulipofunguliwa mwaka 1989, vijana wa huko walicheza tekno katika majengo yaliyoachwa, na klabu ya Tresor, iliyofunguliwa mwaka 1991, ilitoa santuri za wanamuziki wa Detroit. Kwa hiyo kuazima si kosa. Muziki usioazimwa ni kama mbegu iliyofungiwa kibuyuni. Mwezi Machi mwaka 2024 Ujerumani iliuingiza utamaduni wa tekno wa Berlin katika orodha ya urithi wake wa taifa. Sina ugomvi na hilo. Mlezi naye ana haki ya kumwita mtoto wake. Nauliza tu: mzazi ametajwa kwa sauti ileile?

Wengine watasema muziki ni kama maji ya mto, hauna mwenyewe. Nami nilisema hivyo zamani, na sasa sina budi kukiri.

Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kwaya yetu ilishinda mashindano ya wilaya kwa wimbo uliotungwa na mama aliyetupikia uji. Mgeni rasmi aliponikabidhi kikombe aliuliza nani ametunga. Nikajibu, "Sisi sote, mheshimiwa. Ni kazi ya shule." Makofi yakapigwa. Yule mama alikuwa amesimama nyuma ya watoto, naye akapiga makofi. Neno "sisi" ni neno zuri sana, nimelifundisha maisha yangu yote. Lakini siku ile nililitumia kummeza mtu. Hakuwahi kunilaumu, na sasa ni marehemu. Kikombe kingali ofisini pale.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Najua jina peke yake halijazi chungu, na wanamuziki wengi wanadai fedha pia, kwa haki. Lakini asiyetajwa hawezi hata kudai. Ndiyo maana naiheshimu kazi ya hao waliotengeneza filamu. Wamelipa deni ambalo wao hawakulikopa, na wamelilipa wadai wakiwa hai, wanasikia.

Mimi nimechelewa. Hata hivyo nilikwenda kwa binti wa yule mama, nikamwomba ruhusa ya kuliandika jina la mama yake katika kitabu hiki. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Shikamoo yako naipokea moyoni, mwalimu, lakini usimwandike humo. Nenda kamtaje pale mlipopigiwa makofi."

Ndiyo maana hukuliona jina lake hapa. Nimekwisha kumwomba mwalimu mkuu wa sasa nafasi ya dakika tano siku ya wazazi.