Je, Uso wa Kizee ni Aibu?



Mama mmoja wa Geita, ambaye mumewe alipata fedha katika machimbo ya dhahabu, alinijia na swali. Nyusi zake zimeanza kushuka, naye amesikia ya kwamba wako madaktari wawezao kuziinua. Akaniuliza, "Baba Mchungaji, je, ni dhambi?"

Yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe. Zamani paji la uso lilipasuliwa toka upande huu hata upande huu. Tangu miaka ya 1990 madaktari wengi hukata vitundu vichache tu ndani ya nywele, hutia bomba jembamba lenye kamera, huibandua ngozi ya paji kutoka mfupani, huivuta juu, na kuifunga mpaka ishike. Jeraha hupona upesi. Lakini miaka ipitapo, wengine hukaa na nyusi zilizoinuka, na wengine huziona zikishuka tena kidogo kidogo, kwa maana kisu hakizuii uzee. Tena wako wanaobakiwa na ganzi ya kichwa, au unyusi mmoja kuwa juu kuliko mwenziwe.

Basi nalimjibu hivi: Ikiwa nyusi zimelemea macho hata huoni vema, hiyo ni tiba. Hata kutaka kupendeza si dhambi. Sisi sote twajipaka mafuta na kuchana nywele. Lakini nalimwuliza, "Mama, wakimbia nini?" Akanyamaza, kisha akasema, "Naogopa kuonekana bibi kizee."

Neno hilo lilinichoma, kwa maana katika nchi yetu ya Usukuma hofu hiyo ina sababu. Tangu mwaka 1970 hata 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa mambo ya uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na Usukuma ndiko kulikozidi. Huko Shinyanga macho mekundu ya bibi kizee yalihesabiwa kuwa ushahidi. Nayo yalitoka wapi? Kuni ni haba. Mama zetu walipika miaka mingi kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi ukayala macho yao. Walitupikia sisi, kisha tukawahukumu kwa alama ya kazi hiyo.

Kwa hiyo swali la mama yule si lake peke yake. Daktari aweza kuinua nyusi zake kwa miaka kadhaa, lakini hawezi kuwafundisha majirani kumtazama mzee pasipo chuki. Kazi hiyo ni yetu.

Mama yule hajaamua bado. Nalimwambia aamue mwenyewe, ila kwanza aende kumsalimu mama mkwe wake, akaaye peke yake tangu watu walipoanza kunong'onezana habari zake. Nanyi, ndugu, ikiwa yuko bibi wa namna hiyo kijijini mwenu, nendeni mkaketi naye mchana, watu wote wakiona.