Kifo cha Nyota na Dhima ya Mwanadamu

Tangu kale nyota zimekuwa dira ya manahodha na kipimo cha uzuri kwa washairi. Machache yamenenwa juu ya kifo chake. Nyota yenye uzito wa mara nane ya jua au zaidi aghalabu haizimiki kimya: kiini chake huporomoka, nayo hulipuka.

Mlipuko huo una sura mbili. Kwa sura moja ni mzazi, kwani oksijeni avutayo mwanadamu na sehemu ya chuma kilichomo damuni mwake vilitokana na nyota zilizokufa kabla jua halijazaliwa. Kwa sura nyingine ni mwangamizi. Ukitokea karibu, tuseme umbali wa miaka ya nuru 30, miale yake inaweza kulila tabaka la ozoni, na mwanga wa jua ukageuka sumu kwa vimea vidogo vya baharini, chakula cha asili cha samaki.

Hayo si ndoto. Mwaka 2016 wataalamu walieleza kuwa chuma-60 kimepatikana katika vilindi vya Pasifiki, Atlantiki na Bahari ya Hindi. Chuma hicho hupungua nusu kila miaka milioni 2.6, hivyo hakikusalia tangu dunia ilipoumbwa, bali ni vumbi la nyota zilizolipuka baadaye sana, kwa umbali ulioacha uhai uendelee.

Je, nyota ni njema au ni mbaya? Si hili wala lile. Wema na uovu huandama nia, na nyota haina nia. Lake ni ajali, na ajali haina kinga.

Lakini ozoni hiyo hiyo ilijeruhiwa pia na mkono wa mtu, kwa gesi za majokofu na za makopo ya kupulizia. Mwaka 1985 ilitangazwa kuwa tabaka limepungua mno juu ya Antaktika. Mwaka 1987 mataifa yakatia saini Itifaki ya Montreal kuzizuia gesi hizo. Jeraha ni la aina moja, hukumu ni mbili: la nyota ni msiba, la mwanadamu, akiisha kujua asiache, ni dhulma.

Hapo ndipo kiumbe huyu mdogo anapoizidi nyota. Yeye huweza kujizuia, na kwa kuweza huko ndiko anakodaiwa.