Mmerithi Kanda, Hamkurithi Sitara

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayesitiri aibu za waja wake usiku na mchana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu waumini, leo nataka kusema nanyi juu ya kanda za video zilizomo makabatini mwetu. Kuanzia Mji wa Kale hapa Mombasa hadi Lamu na Unguja, nyumba nyingi zina sanduku lake: kanda za VHS za miaka ya themanini na tisini, arusi za mama zetu na shangazi zetu, khitma, maulidi, watoto wanaotambaa ambao leo ni wazazi. Nyingine zimefika Muscat na Dubai zikarudi, mkononi mwa jamaa msafiri. Sasa vijana wamezitoa, wanazipeleka kwa mafundi ziingizwe kwenye kompyuta, na baada ya siku chache tunaziona YouTube, Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp.

Kuziokoa ni jambo jema, na anayetaka kuziokoa asikawie. Ndani ya kanda mna utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na unyevu wa pwani yetu ni adui yake mkubwa. Ukiinua kile kifuniko cha mbele ukaona utando mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Usiitie kanda hiyo kwenye deki kabla haijasafishwa, itachafua vichwa vya deki na utepe huenda ukakatika. Na deki zenyewe zinaadimika. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016.

Lakini kuokoa ni kitu kimoja na kurusha ni kitu kingine.

Tazameni kilichomo kwenye kanda ya arusi. Ni usiku wa kupamba. Milango imefungwa, hakuna mwanamume, hata anayeshika kamera ni mwanamke. Mabuibui yamevuliwa, yamekunjwa pembeni. Bi arusi ameketi jukwaani, nywele zimetengenezwa, mikono imejaa hina, na wenzake wanacheza chakacha kwa raha zao kwa sababu wanajua waliomo humo ni wanawake watupu. Walikubali kupigwa video, ndiyo. Walikubali itazamwe sebuleni na akina mama, mapazia yameshushwa. YouTube ilianza mwaka 2005. Aliyepigwa video mwaka 1988 hakuulizwa juu ya YouTube, wala asingeweza kuulizwa. Idhini yake ilikuwa na mipaka, na mipaka hiyo haikuondoka kwa kuwa kanda imegeuzwa faili.

Katika Suratun Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba za wenzetu bila ya kuomba ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Na amesimulia Sahl bin Saad, Allah amuwie radhi, katika hadithi iliyomo kwenye Bukhari na Muslim, kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, naye Mtume ana chanuo mkononi. Mtume alimwambia kwamba lau angejua anachunguliwa angemchoma nalo jicho, na akabainisha kuwa kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Yule mtu hakuingia, hakuiba, hakugusa kitu. Alitazama tu. Basi nini hukumu ya kijana anayewatobolea tundu watu asiowajua, tundu asiloweza kuliziba, maana hata akifuta kesho wenzake wameshahifadhi?

Na mfikirieni mwanamke mwenyewe. Huenda aliachika katika ndoa ile, akaolewa na mwengine, na leo wanawe wanaiona arusi yake ya kwanza kwenye simu za wanafunzi wenzao. Huenda siku zile alikuwa msichana mwenye kichwa wazi na leo ni hajati. Ameshatoka pale alipokuwa, nanyi mnamrudisha kwa nguvu.

Wengine husema: kanda ni yetu, marehemu mama ametuachia. Mmerithi kanda, hamkurithi sitara ya waliomo. Mama alikuwa ameshika amana ya wenzake, na aya ya 58 ya Suratun Nisaa inatuamrisha tuzifikishe amana kwa wenyewe. Wapo pia waliokwisha kufa. Anayeosha maiti hufundishwa asitoe nje aliyoyaona chumbani mle, na mwenye kanda ya maiti ana wajibu huohuo.

Mtauliza, tufanyeje? Jueni kwanza kwamba kanda ya saa tatu huingizwa kwa saa tatu. Deki inapiga, kompyuta inapokea, hakuna njia ya mkato, na fundi anaona kila kitu. Kifaa cha kuunganisha deki na kompyuta kinauzwa madukani, na mabinti zetu wanaiweza kazi hii kuliko sisi. Mpeni binti wa nyumba aifanye chumbani, na bibi zake wakae naye. Watacheka, watalia, na watawataja waliomo mmoja mmoja. Ayaandike majina hayo, ndio watu wa kuombwa idhini. Ikilazimu fundi, tafuteni fundi mwanamke, naye afute nakala kwenye mashine yake mbele yenu. Jamaa wa Muscat au London wapelekewe fleshi, mkononi mwa mwanamke, isitumwe kwenye kundi la ukoo ambamo wamo wajomba na wakwe. Hata sheria za nchi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinalinda taarifa binafsi za mtu. Sisi tuliambiwa mapema zaidi.

Mwenye kanda za darsa za mashekhe wetu, za tafsiri ya Ramadhani na za maulidi ya uwanjani, azungumze na kamati ya msikiti baada ya swala. Hizo zilisomwa hadharani na wasomaji walitaka zifike mbali, zirusheni. Za kupamba zipelekeni kwa mama zenu leo hii, na msibakishe nakala kwenye simu zenu.